Miwani ya Uhalisia Pepe na Safari ya Kurudi Nachingwea

(Mazungumzo kwa walimu na watumishi wa Nachingwea na Ruangwa)



Katika nchi hii jina la Mirembe limegeuzwa kuwa tusi. Mtoto wa shule humwambia mwenzake kwamba anafaa kupelekwa Mirembe, na darasa zima likaangua kicheko. Hospitali hiyo ya Dodoma, iliyofunguliwa mwaka 1927 wakati wa utawala wa Waingereza, ni mahali pa kutibia wagonjwa kama zilivyo hospitali nyingine zote. Hata hivyo kicheko hicho ndicho kinachomsubiri mgonjwa siku anaposhuka kwenye gari kwao. Hapana budi kuanza na jambo hili, maana chombo kipya kinachosifiwa sana siku hizi katika tiba ya akili hakiwezi kupimwa thamani yake bila kumfikiria mtu huyo anayerudi nyumbani.

Chombo chenyewe ni miwani ya uhalisia pepe. Mwaka 1968 Mmarekani Ivan Sutherland alionyesha chombo cha namna hiyo kilichokuwa kizito hata kikalazimika kuning'inizwa kwenye dari. Leo huvaliwa kichwani kwa urahisi kama kofia ya pikipiki. Ndani yake kila jicho huonyeshwa picha yake, na picha hizo mbili hutofautiana kidogo, ndipo ubongo unapoona umbali na kina kama katika dunia ya kweli. Mvaaji akigeuza kichwa, picha nazo hugeuka pamoja naye. Aliyeketi kitandani hujiona yuko ufukweni au msituni.

Huko Seattle, Marekani, Hunter Hoffman na wenzake walitengeneza dunia ya theluji kwa ajili ya wagonjwa walioungua moto. Mgonjwa hurusha madonge ya theluji wakati vidonda vyake vikisafishwa, na kwa kuwa fikra zimeshughulika kwingine, maumivu hupungua. Kutokana na mafanikio ya namna hiyo, wako waliopendekeza kwamba hata katika hospitali za magonjwa ya akili wagonjwa wapewe bahari na misitu ya picha ili kupumzisha nyoyo zao.

Wazo hilo halistahili kubezwa. Anayejua urefu wa alasiri wodini, baada ya dawa na chakula, anajua pia kwamba kukaa bure ni adha juu ya ugonjwa. Lakini ipo hatari kwamba bahari ya picha itakuwa njia rahisi ya kumfanya mgonjwa avumilie kufungiwa. Atatulia, naam, na akitulia hakuna atakayeuliza ataondoka lini.

Kabla ya miwani hiyo kuvuma, Afrika ilikwisha kulijibu swali la burudani ya mgonjwa wa akili kwa namna yake. Huko Lutindi, katika milima ya Usambara, hospitali iliyoanzishwa na wamisionari tangu enzi za Wajerumani imeifanya kazi ya mikono kuwa sehemu ya tiba. Kule Aro, Nigeria, Dakta Thomas Lambo alianza mwaka 1954 kuwapangisha wagonjwa, pamoja na ndugu zao, katika vijiji vilivyoizunguka hospitali. Kijiji cha Vikuruti, karibu na Dar es Salaam, kilipokea wagonjwa wakaishi na kulima humo. Na mwanzoni mwa miaka ya 1980, katika mikoa ya Morogoro na Kilimanjaro, Serikali ikishirikiana na Shirika la Afya Duniani ilianza kuwafundisha watumishi wa zahanati ili mgonjwa atibiwe karibu na watu wake. Jembe, ngoma, bao, na ndugu wa kuzungumza naye: burudani hizo hazihitaji umeme.

Je, miwani hiyo ina lipi basi lisilopatikana kwa jembe na ngoma? Jibu limetoka Uingereza mwaka 2022. Profesa Daniel Freeman wa Chuo Kikuu cha Oxford na wenzake walitoa matokeo ya jaribio lililowahusisha wagonjwa 346 wenye magonjwa makali ya akili, waliokuwa wakiogopa kutoka nje. Humo ndani ya miwani hapakuwa na ufukwe. Palikuwa na basi, duka, mtaa na chumba cha kusubiri daktari. Mgonjwa alijizoeza kupanda basi la picha, akatazamwa na abiria wa picha, hata hofu ikalegea. Waliofaidika zaidi ni wale ambao hofu yao ilikuwa kali kuliko ya wengine. Kwa maneno mengine, chombo hicho kilikuwa na kazi ya kuwatayarisha watoke.

Hapa ndipo jambo linapowahusu watu wa Nachingwea na Ruangwa. Mgonjwa wa huku anayelazwa Mirembe huwa yuko yapata kilometa 1,000 kutoka kwao, kwa njia ya Dar es Salaam na Lindi. Akipata nafuu, inampasa avuke stendi zenye makelele, akae saa nyingi kati ya watu asiowajua, kisha ashuke mbele ya wale wanaomjua kupita kiasi. Basi la Oxford halitamfaa. Wala abiria wake hawasemi Kiswahili, seuze Kimwera.

Nachingwea haihitaji kufundishwa madhara ya mitambo inayoletwa bila kuuliza hali ya mahali. Kati ya mwaka 1947 na 1951 Waingereza walileta huku, na Kongwa na Urambo, mpango wao wa karanga. Yaliletwa matrekta, na mengine yaliundwa kutokana na vifaru vya vita. Ikajengwa hata reli. Karanga hazikuonekana za maana, na reli nayo ikang'olewa. Mitambo ilikuwa na nguvu za kutosha. Udongo na mvua ndivyo havikuulizwa.

Kwa hiyo, ikiwa miwani hiyo itanunuliwa kwa hospitali za hapa nchini, picha zake na zipigwe hapa hapa: stendi ya Nachingwea asubuhi, soko la Ruangwa, njia ya vumbi kati ya mikorosho, baraza la zahanati ambako mgonjwa atakwenda kuchukua dawa zake kila mwezi. Yafaa muuguzi awe kando wakati wote, kwani wako wanaopata kichefuchefu, na mwenye kifafa au aliye katika ukali wa ugonjwa asivishwe bila idhini ya daktari. Na asiyetaka asilazimishwe.

Kamera inaweza kuzipiga picha hizo kwa siku chache. Lakini katika picha za stendi watakuwamo pia watoto wa shule wakingoja gari, na mgonjwa atazoezwa kupita mbele yao bila hofu. Siku atakaposhuka kweli, watakaokuwa pale ni wanafunzi wa walimu wanaozungumziwa hapa, na neno watakalomwita mgonjwa huyo litakuwa lile waliloruhusiwa kulitumia darasani.