Mtume Paulo hakuchagua chombo

Somo: Matendo ya Mitume 27:1 mpaka 28:10

Tunawasalimu ninyi wa Kashebere, ninyi wa Nyabiondo na Masisi kwa upande wa juu, na ninyi wa Walikale kwa upande wa msitu. Mvua inanyesha, na wengi wenu mko safarini ama mnamngoja mtu aliye safarini. Kwa hiyo leo tunazungumza juu ya safari.

Someni nyumbani sura hizo mbili pole pole. Paulo ni mfungwa. Anapelekwa Roma chini ya ulinzi wa akida mmoja jina lake Yulio. Majira mazuri ya kusafiri baharini yamekwisha kupita. Kule Krete, Paulo anawaonya wakubwa kwamba wakiendelea, watapoteza mizigo, chombo na hata watu. Lakini akida anamsikia nahodha na mwenye chombo kuliko Paulo. Kisha upepo mwanana unavuma kutoka kusini, nao wanafikiri mambo yamekuwa mazuri. Haukudumu. Dhoruba iliwashika, na kwa siku nyingi hawakuona jua wala nyota.

Luka anaandika hesabu ya watu waliokuwa ndani: 276.

Wapendwa, hesabu hiyo inatugusa sisi wa Kivu. Tarehe 3 Oktoba 2024, mashua yenye jina Merdi, iliyotoka Minova, ilizama karibu na bandari ya Kituku, pale Goma, watu wakiwa tayari wanaona ng’ambo. Gavana wa Kivu ya Kusini alisema mlikuwa na watu 278 ndani. Makumi kwa makumi walikufa. Chombo cha Paulo na mashua ile vilibeba karibu watu sawasawa, lakini mmoja tu kati yao ndio waliofika wote salama.

Je, tuseme Mungu aliwapenda wale wa Paulo kuliko mama zetu wa Minova? Hapana. Mtu asiseme neno hilo mbele ya mwenye matanga.

Tuangalie kwanza sababu ya watu kujaa ndani ya mashua. Barabara ya Goma na Minova ilikuwa imefungwa na vita. Mama mwenye mzigo wa kuuza sokoni hakuwa na njia nyingine isipokuwa ziwa. Alikuwa kama Paulo: hakuchagua chombo, hakuchagua saa, hakuchagua nahodha. Basi tusiwalaumu waliozama. Neno la kwanza la leo linawahusu Yulio na mwenye chombo: wewe unayeuza nafasi, wewe unayesimama bandarini na kazi ya kuhesabu watu, wewe dereva wa kamyo unayepandisha watu juu ya magunia, wewe motari unayebeba abiria watatu na bidoni za mawese. Mungu amekukabizi roho za watu. Pesa ya abiria mmoja wa kuzidi ni ndogo sana mbele ya siku utakayoulizwa habari zake.

Neno la pili ni kwa sisi abiria. Wengine wanasema: saa yangu ikifika imefika, gile ya kuokolea ni ya nini? Angalieni Paulo. Usiku malaika alimwahidi kwamba hakuna hata mmoja atakayekufa. Ahadi imetolewa! Lakini mabaharia walipotaka kutoroka na mashua ndogo, Paulo aliwaambia askari kwamba hawa wakitoka, ninyi hamtaokoka. Tena aliwahimiza wote wale chakula wapate nguvu. Aliyekuwa na ahadi ya Mungu hakuacha kutumia akili, mdomo na mkate. Mwaka wa 2019, nyuma ya ajali nyingine ya ziwa, Rais wa nchi aliamuru abiria wawe na gile. Kuivaa si kukosa imani. Kumwuliza nahodha gile ziko wapi, mbele ya kulipa, si kiburi. Mmoja akiuliza watamcheka, lakini kumi wakiuliza pamoja watajibiwa.

Na huku kwetu hakuna ziwa, lakini kuna mito na potopoto. Maji yakipita juu ya daraja la miti, teremka kwenye moto, ngoja, uone miti ingali mahali pake. Mto ukijaa usiku, lala ng’ambo ile. Kule kwenye chombo walitupa hata ngano baharini ili watu wapone. Sisi pia tujifunze kuacha mzigo. Gunia la maharagwe linalimwa tena, mtoto hapana.

Neno la tatu ni kwa wenyeji. Chombo kilivunjika, wenye kujua kuogelea wakatangulia, wengine wakafika juu ya mbao. Walitokea kisiwa cha Malta. Watu wa huko hawakuwajua, tena hawakuwa wa dini yao. Lakini waliwawashia moto, kwa sababu mvua ilikuwa inanyesha na kulikuwa baridi. Luka hakusahau mvua ile, wala moto ule.

Kashebere ni Malta ya watu wengi. Kamyo inazama katika matope, dereva na vijana wake wanageuza gari kuwa nyumba: wanalala ndani, wanapika chini yake, siku mbili, siku nne. Abiria wanatembea kwa miguu na watoto mgongoni mpaka mlangoni pako. Siku hiyo utafanya nini? Utapandisha bei ya muhogo mara tatu kwa sababu hawana pa kwenda? Utauliza kwanza ni wa kabila gani? Ama utawasha moto? Watu wa Malta hawakuuliza. Na baraka ilirudi kwao, maana baba ya Publio na wagonjwa wengine wa kisiwa waliponywa kwa mkono wa mgeni yule.

Wiki hii, kila nyumba ya kando ya barabara iweke kuni kavu chini ya dari kwa ajili ya mgeni mmoja. Viongozi wa kanisa wakubaliane na motari na wazee wa mtaa nani atakayeangalia daraja kila mvua inapokatika.

Tuombe. Ee Bwana, faraji jamaa za waliozama. Fungua barabara zilizofungwa na vita. Uwape wenye vyombo woga mtakatifu, utupe sisi akili na ujasiri wa kusema, na mlango wetu usifungwe mbele ya aliyelowa. Kwa jina la Yesu. Amina.