Shimo la Mboji si Jalala

(Mazungumzo ya Ofisa Elimu ya Watu Wazima na wanakisomo wa Kiruruma)



Mkungu wa ndizi ukipanda lori kwenda mjini, hauondoki peke yake. Unaondoka na chakula cha udongo wa kibanja chako. Ukiuza mwaka hadi mwaka bila kurudisha kitu, migomba inakonda. Njia rahisi ya kurudisha chakula hicho ni mboji. Lakini jamani, siyo kila taka ni mbolea.

Je, tuweke nini?

Nyumbani weka maganda ya ndizi na ya viazi, makapi ya maharage, maganda ya kahawa, majani mabichi na nyasi kavu. Weka samadi ya ng'ombe, mbuzi na kuku. Majivu ya kuni yanafaa, ila yawe kidogo. Yakizidi, nguvu ya samadi hupotea hewani. Shuleni kuna maganda ya jikoni, majani yanayofagiwa uwanjani, na karatasi za daftari zilizochanwa vipande vidogo.

Panga tabaka kwa tabaka: vikavu, kisha vibichi, kisha samadi na udongo kidogo. Nyunyizia maji. Chukua konzi moja ukamue. Mkono ulowe, lakini maji yasitiririke. Funika kwa nyasi. Geuza kila baada ya wiki mbili au tatu. Baada ya miezi mitatu hivi mboji inakuwa nyeusi na kunukia kama udongo wa mvua. Hapo imeiva.

Je, tusiweke nini?

Kwanza, nyama, samaki na mafuta. Vinaita mbwa, panya na nzi.

Pili, kinyesi cha mbwa, cha paka na cha watu. Mna mayai ya minyoo yanayoishi muda mrefu. Mboji hiyo ikimwagwa kwenye mchicha, watoto wataila minyoo.

Tatu, plastiki, chupa na betri za redio. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini tarehe 1 Juni 2019, lakini vifungashio vingine vya plastiki bado vinatufikia. Haviozi. Na betri zina sumu inayoingia udongoni.

Nne, lumbugu, yaani sangari, na magugu yenye mbegu. Lumbugu ianikwe juani mpaka ikauke kabisa, la sivyo utakuwa umeipanda upya.

Tano, na hili ndilo kubwa: mgomba wenye mnyauko.

Mnyauko unaletwa na bakteria, vijidudu visivyoonekana kwa macho. Ulionekana Uganda mwaka 2001, na hapa mkoani Kagera mwaka 2006. Majani yanageuka njano na kunyauka. Ndizi zinaiva kabla ya wakati wake. Ukikata shina, linatoa usaha wa njano. Mgomba uliougua hauna dawa. Ugonjwa husambazwa na panga, na machipukizi, na wadudu wanaotembelea ua dume. Sasa ukikatakata shina hilo ukalitia shimoni, kisha ukapeleka mboji kwenye migomba mizima, umejitafutia balaa mwenyewe.

Mtu atasema: "Mboji si inapata moto? Vijidudu vitakufa." Ni kweli, katikati ya lundo lililopangwa vizuri joto linaweza kupita nyuzi 55. Lakini pembeni ni baridi. Usiweke kibanja rehani kwa kubahatisha.

Basi fanya hivi. Kata mgomba mgonjwa usawa wa ardhi. Uzike au uulundike pale pale, mbali na mifugo. Panga lipitishe motoni au lioshe kwa jiki kabla ya kugusa mgomba mwingine. Ua dume la migomba mizima livunje kwa kijiti chenye panda, siyo kwa panga. Kisha mwite ofisa ugani.

Ndugu zangu, kibanja ndicho chakula, ndicho ada ya watoto. Chimbeni mashimo mawili: moja la mboji, lingine la taka. Shuleni kila shimo liwe na kibao kilichoandikwa, ili mtoto asome kabla ya kutupa.

Nawaachia maswali ya kujadiliana:

1. Katika shimo lako leo, ni kitu gani kinatakiwa kutolewa?

2. Panga la kuazima linapofika kwako, nani analisafisha?