Kabla Ramani Haijachorwa: Raia na Barabara za Nairobi



Nimekuja na rai moja. Raia anayetaka barabara bora asingoje tingatinga lifike mlangoni. Aanze kusema wakati ramani ingali mezani, na aende na vipimo mkononi.

Mwaka 1989 Profesa Wangari Maathai alipata habari kwamba jumba la ghorofa 60 lingejengwa ndani ya bustani ya Uhuru Park, liwe makao ya chama tawala cha KANU na gazeti lake. Alianza kwa kuandika barua. Aliiandikia kampuni ya gazeti hilo, Ofisi ya Rais, mashirika ya Umoja wa Mataifa, hata mwakilishi wa Uingereza hapa nchini, akimuuliza iwapo Waingereza wenyewe wangekubali jumba kama hilo lijengwe Hyde Park, London. Bungeni alikejeliwa kwa maneno nisiyopenda kuyarudia. Alipokwenda Mahakama Kuu, kesi yake ilitupwa kwa sababu, kwa mujibu wa sheria ya wakati huo, hakuwa na haki ya kushtaki: hakuonyesha ni hasara gani iliyompata yeye binafsi. Mkazi wa Nairobi akaambiwa, kwa lugha ya kisheria, kwamba bustani ya umma haimhusu. Lakini barua zilikuwa zimefika mbali, waliotarajiwa kutoa fedha wakasita, na mapema mwaka 1990 mradi ukaachwa. Anayeshuka leo kutoka mtaa wa Community kwenda mjini kwa miguu bado anapita penye nyasi.

Katiba ya 2010 ilifungua mlango aliofungiwa Maathai. Kifungu cha 70 kinamruhusu mtu kwenda mahakamani kutetea mazingira bila kuthibitisha kwamba kuna aliyepata hasara. Kifungu cha 35 kinampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na michoro ya barabara ni sehemu ya habari hizo. Wengi wetu hatujawahi kuiomba.

Sasa tuzitazame barabara zenyewe. Nenda Lunga Lunga Road alfajiri, siku ya kazi. Utakuta wafanyakazi wakielekea viwandani, msururu mrefu kando ya lami, huku mkono wa kushoto mtaro na wa kulia matatu inayopita nje ya mstari ili kukwepa foleni. Mwenye mkokoteni wa mitungi ya maji anagombea nafasi na bodaboda. Mvua ikinyesha, ile kando ya udongo inageuka tope na watu wanalazimika kupanda barabarani, mbele ya malori. Hawa si wachache: watu wengi Nairobi huenda kwa miguu, na ndio pia wengi kati ya wanaouawa barabarani.

Jiji lilikwisha kulikubali hilo kwa maandishi. Sera ya mwaka 2015 ya Kaunti ya Nairobi iliahidi asilimia 20 ya bajeti ya barabara kwa watembea kwa miguu, waendesha baiskeli na usafiri wa umma. Kisha mwaka 2022 tulifunguliwa barabara ya mwendokasi yenye kilomita 27, kutoka Mlolongo hadi Westlands, ambayo hulipiwa na ambayo mtu wa miguu haruhusiwi kuikanyaga. Siipingi kwa sababu tu ni ya magari. Ninachodai ni kwamba ile asilimia 20 iheshimiwe kwa bidii ileile iliyojenga barabara hiyo.

Mfano ninaotaka tukae nao ni makazi ya mabanda ya Mukuru. Agosti 2017 kaunti ilitangaza vijiji vya Mukuru, yaani Kwa Njenga, Kwa Reuben na Viwandani, kuwa eneo maalum la mipango. Humo mna kaya zaidi ya 100,000. Muungano wa Wanavijiji, vuguvugu la wakazi lililoanza mwaka 1996, ulishirikiana na vyuo vikuu na mashirika kuandaa mpango wa eneo hilo. Kaya ziligawanywa kumi kumi, kila kumi ikachagua wa kuisemea, na wasemaji hao ndio waliokaa na wataalamu.

Ugumu mkubwa ulikuwa upana wa barabara. Viwango vya kawaida vilidai barabara pana, lakini chumba cha mabati cha Mukuru ni futi 10 kwa 10, na kila mita inayoongezwa barabarani inafuta safu ya vyumba. Wakazi hawakusema hawataki barabara. Walijua hasara ya gari la zimamoto kukwama nje nyumba zikiteketea. Wakajadiliana: huku ipite barabara ya malori, kule itoshe njia ya miguu na mkokoteni, na upana upunguzwe ili watu wachache zaidi wahamishwe. Mimi nafundisha mipango miji, na nasema bila kusita kwamba hesabu hiyo isingefanyika ofisini. Anayeijua ni anayelala pale.

Hata hivyo, mwishoni mwa mwaka 2021 nyumba za maelfu ya watu zilibomolewa Mukuru Kwa Njenga kupisha barabara. Watu walilala nje na watoto wao. Hilo linaniuma hadi leo, kwa kuwa eneo hilo lilikuwa limekwisha kupangwa na wenyewe, kaya kwa kaya.

Kwa hiyo nawaomba wanafunzi wangu wajifunze kalenda ya bajeti ya kaunti. Sheria ya fedha za umma ya 2012 inaitaka kaunti ifikishe mpango wa maendeleo wa mwaka kwenye bunge la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba, waraka wa mkakati wa fedha kufikia tarehe 28 Februari, na makadirio ya bajeti kufikia tarehe 30 Aprili. Mkazi wa mtaa wa Pipeline anayepeleka ombi la mtaro na njia ya miguu mwezi Julai, likiwa na mchoro, urefu na saini za majirani, amefika kabla mpango haujaandikwa. Atakayelipeleka Mei ataambiwa fedha zimeshagawanywa. Idara yetu ina kanda za kupimia, ina wanafunzi, na Julai wengi wao wako likizoni; ningependa tuanze Julai hii.