Mwimbaji wa Asili Naye Alipwe

Hapa Mbozi Mission wimbo wa asili una historia ndefu kuliko lami ya kwenda Tunduma. Mwanzoni mwa karne ya 20, mmisionari wa Kimoraviani, Traugott Bachmann, aliwaachia Wanyiha wamwimbie Mungu kwa sauti za kwao, wakati misheni nyingi zilishikilia tuni za Ulaya. Kwa hiyo anayesema nyimbo za asili zimepitwa na wakati, mimi simwelewi.

Ila kupewa nafasi ya kuimba ni jambo moja, kula kutokana na kuimba ni jambo jingine.

Mtazame mwanamuziki Hukwe Zawose, Mgogo wa Dodoma. Mwalimu Nyerere alimwita Dar es Salaam, na baadaye akafanya makao yake Bagamoyo. Yasogelee marimba yake: vyuma vimejipanga kwa wingi, na vingine havipigwi kabisa, vinatetemeka vyenyewe jirani zao wakiguswa. Kwenye matundu ya sanduku umebandikwa utando wa buibui, ndio unaotoa ule mvumo. Akiongeza koo lake, lililoshuka hadi kunguruma na kupanda hadi wembamba wa ajabu, hakuhitaji bendi kubwa.

Mara nyingi alisafiri na Charles Zawose, ndugu yake wa ukoo. Albamu yao ya Chibite ilitoka 1996 kwa lebo ya Real World ya Uingereza, na mwaka 2002 wakafungua jukwaa katika ziara ya mwanamuziki Peter Gabriel huko Amerika Kaskazini. Hukwe alifariki Desemba 2003, Charles akamfuata 2004. Ukoo haukunyamaza. Mwaka 2024 binti wa Hukwe, Pendo, na mjukuu wake Leah walitoa albamu ya Maisha kwa jina la The Zawose Queens. Wanawake wa familia ile walikuwa waitikiaji kwa miaka mingi. Sasa ndio wanaoongoza.

Nafurahi, na naumia pia. Kwa nini muziki wetu wa asili upate ukumbi Uingereza kabla ya kuupata hapa kwetu Vwawa?

Hapa kwetu mwimbaji anaitwa harusini baada ya mavuno ya kahawa, anaimba tangu jioni hadi usiku wa manane, anaondoka na sahani ya pilau, soda na nauli ya bodaboda. Kikundi cha watu sita kikitaka kupiga onyesho Mbeya, kila mmoja analipia kiti kwenye Costa, na ngoma zinatozwa kama mzigo. Wanarudi na deni. Mwenye spika za kukodi, huyo tunamkabidhi nusu ya fedha kabla hajafunga hata waya mmoja! Hili linaniuma, na sioni sababu ya kulifunika.

Sheria ya kumlinda ipo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inampa mtunzi haki juu ya kazi yake, hata akiitunga kwa Kinyiha. Na wimbo wa lugha ya nyumbani unaweza kufika mbali. Saida Karoli aliimba Kihaya, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 Maria Salome ikaitikiwa hata na wasiojua neno moja la Kihaya. Mwaka 2016 Diamond Platnumz na Rayvanny wakaurudia kwa jina la Salome, ukavuma upya.

Basi ninyi wa kamati za harusi, mpigieni mwimbaji simu mapema, mpatane bei, na fungu lake liandikwe kwenye bajeti juu ya keki. Apewe malipo ya awali kama anavyopewa mpiga picha. Nasi watangazaji, kila tunapopiga wimbo wa asili, tumtaje mtunzi kwa jina lake na kijiji chake, kabla na baada ya wimbo.