Motokaa Inayotetemeka Breki Zikikanyagwa

(Maneno yaliyonenwa mbele ya madereva na mafundi wa Manzese, Dar es Salaam)

Tumeombwa tunene juu ya jambo ambalo kila fundi aliye kando ya Barabara ya Morogoro hulijua. Motokaa yatoka safari ya mbali, imekwenda mbio, na sasa dereva akikanyaga breki usukani hutikisika mikononi mwake kama mtu mwenye homa. Ugonjwa huu ni nini, na dawa yake ni ipi?

Jawabu lisikikalo mara nyingi ni hili: diski zimepinda, zitupwe, zinunuliwe nyingine. Pengine ni kweli, lakini mara nyingi si kweli. Mwenye motokaa hutoa fedha aliyoweka kwa karo ya watoto, na baada ya miezi michache mtikisiko hurudi vile vile. Kwa hiyo yatupasa kuutafuta ugonjwa kwanza, ndipo tutaje dawa.

Breki huugeuza mwendo kuwa moto. Motokaa iendayo kilometa 100 kwa saa, ikisimamishwa, hutoa moto mara nne kuliko iendayo kilometa 50, wala si mara mbili. Sasa mfikirini dereva ashukaye Mlima Kitonga, katika Mkoa wa Iringa, mguu wake ukikaa juu ya breki tangu kileleni hata bondeni. Diski zake huwa za moto mno. Akisimama hapo chini na kuendelea kukanyaga, pedi hubandika unga wake mahali pamoja juu ya diski, mfano wa ugali ulioganda katika sufuria. Tangu siku hiyo, kila diski izungukapo, mahali pale hupita katikati ya pedi na kuisukuma, na mkono wa dereva husikia.

Unene huo ni mdogo ajabu. Tofauti ya milimeta 0.02 yaweza kusikika usukanini, na unywele wa kichwa ni mnene kuliko hiyo. Basi fundi atazamaye kwa macho tu na kusema, "Diski hii ni nzima," au, "Diski hii imepinda," asema kwa kubahatisha. Hana budi kuipima kwa maikromita, mahali panane kuizunguka.

Zifuateni hatua hizi. Kwanza, je, motokaa hutetemeka hata breki zisipokanyagwa? Ikiwa ndivyo, tazameni tairi, balansi na rimu kabla ya kuzilaumu breki. Pili, kitikisikacho ni nini? Usukani ukitikisika, shaka kubwa ni magurudumu ya mbele. Kiti na sakafu vikitikisika, tazameni ya nyuma. Tatu, msikosee kazi ya ABS. Kanyagio likidundadunda pale tu breki zikanyagwapo kwa nguvu penye utelezi au mchanga, huo si ugonjwa.

Nne, inueni motokaa na kuzungusha kila gurudumu kwa mkono. Moja likiwa zito, au likiwa la moto kuliko wenzake baada ya safari, huenda kalipa imeshika na pini zake zimekauka grisi. Tano, shikeni gurudumu juu na chini mkalitikise. Likicheza, beringi au viungo vya mbele vimelegea, na ulegevu huo huukuza mtikisiko mdogo ukawa mkubwa.

Sita, vueni diski mtazame mahali inapokalia habu. Kutu kidogo hapo huifanya diski ikae upande. Mwanzoni dereva hasikii kitu, lakini baada ya kilometa elfu kadhaa pedi huila mahali pamoja kuliko pengine, na mtikisiko huanza. Ndiyo sababu diski mpya ikifungwa juu ya kutu ya zamani, ugonjwa hurudi. Nati nazo zikikazwa bila mpango, moja sana na nyingine kidogo, huleta madhara yale yale. Zikazwe kwa msalaba, kidogo kidogo, kwa kipimo kilichoandikwa katika kitabu cha motokaa.

Dawa hufuata vipimo. Ikiwa ni unga wa pedi tu, na diski ina unene wa kutosha, yaweza kukerezwa. Lakini kwanza someni unene wa mwisho ulioandikwa juu ya diski yenyewe. Ikiwa chini ya hapo, itupwe pasipo mashauri. Itupwe pia ikiwa ina ufa. Ikiwa na madoa ya buluu, jueni ya kwamba imeungua. Chuma kilichopita joto la digrii 650 hivi huweza kuwa kigumu mahali mahali, na hata kikikerezwa mabaka hayo hutokea tena. Baada ya kufunga pedi mpya, dereva apunguze mwendo kutoka kilometa 60 hata 15, mara nane au kumi, bila kusimama kabisa, kisha aendeshe polepole breki zipoe.

Sasa twawaomba msikilize neno lililo kubwa kuliko yote. Mtikisiko hula fedha, lakini kanyagio laini huua watu. Mafuta ya breki huvuta maji yaliyomo hewani. Mafuta mapya ya DOT 3 huchemka kwa digrii 205 au zaidi. Yakiisha kuingiwa na maji huweza kuchemka kwa digrii 140 tu. Yakichemka huwa mvuke, na kanyagio huzama mpaka sakafuni bila breki kushika. Dereva aonaye kanyagio limekuwa laini mteremkoni ashushe gia, atafute mahali pa kusimama, wala asiendelee na abiria hata kama wamnung'unikia kwa kuchelewa.

Wenye kushuka milima, shukeni kwa gia ndogo, injini iwazuie. Kanyageni breki kwa nguvu kidogo, kisha ziachieni zipate hewa, msiziburute. Mkiisha kusimama, msimwagie maji ya baridi diski za moto, maana chuma huweza kupasuka.

Nanyi mafundi, dalili ya mvua ni mawingu, lakini si kila wingu lina mvua. Pimeni kwanza, mwonyesheni mwenye motokaa kipimo, kisha mwambieni gharama. Kwaherini, na safari zenu ziwe za salama.