SIMU NA UJUMBE USIOTAKIWA: WAJIBU WA SERIKALI NA WAJIBU WA MWANANCHI

(Haya ni mazungumzo yaliyotolewa na Afisa Habari wa Wizara mbele ya watumishi wa Serikali na wananchi mjini Sumbawanga, Mkoa wa Rukwa. Yanachapishwa hapa kwa faida ya watumishi na wakaazi wa Visiwani.)



Huenda baadhi yenu mkauliza, mtu wa Visiwani amefuata nini Sumbawanga kuzungumza habari za simu? Jawabu ni kwamba posta na simu ni miongoni mwa mambo ya Muungano. Ujumbe unaoandikwa Laela au Namanyere hufika Mkoani, Pemba, kwa nukta chache tu, na udhia wake ni wetu sote.

Ndugu wananchi, mila zetu zinatutaka mgeni apige hodi. Akipiga mara tatu asijibiwe, huondoka kwa heshima. Simu nayo ni hodi, kwani mwenye nyumba ana hiari ya kuitika au kutoitika. Lakini siku hizi kuna wapigaji wasiojua hodi wala kuondoka. Nitawataja kwa mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni mashine. Kompyuta hupewa orodha ya namba, ikazipiga moja baada ya nyingine, na anayeitika husikia sauti iliyorekodiwa ikimtangazia bahati nasibu, muziki au bidhaa. Gharama ya kila simu ni ndogo mno, kwa hiyo mwenye mashine hajali kuwaudhi watu elfu ili ampate mnunuzi mmoja. Jambo hili limewasumbua hata wakubwa wa dunia. Marekani ilitunga sheria ya kuzuia simu za namna hii mwaka 1991. Hata hivyo, mwezi Januari 2024 wapiga kura wa jimbo la New Hampshire walipigiwa simu zenye sauti ya kuigiza ya Rais Biden, zikiwashawishi wasiende kupiga kura katika uchaguzi wa awali. Mwezi uliofuata Tume ya Mawasiliano ya nchi hiyo ilitamka kwamba sauti zinazotengenezwa na akili bandia zinaingia katika katazo la sheria ile ile ya 1991. Funzo kwetu ni kwamba sauti unayoifahamu si ushahidi tena. Akikupigia mtoto wako akilia kwamba amekamatwa na anataka fedha, kata simu, kisha mpigie wewe kwa namba yake unayoijua.

Fungu la pili ni wakopeshaji wa mitandaoni. Mtu huweka programu ya mkopo katika simu yake, nayo huchukua majina yote yaliyomo. Akichelewa kulipa, hupigiwa simu mkwewe, mwalimu wake na mkuu wake wa kazi, watu ambao hawakukopa hata senti moja. Mwezi Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila ya kibali, na ikawatahadharisha wananchi wasizitumie. Jirani zetu wa Kenya, mwaka 2023, kupitia Kamishna wao wa ulinzi wa taarifa, waliitoza faini ya karibu shilingi milioni tatu za Kenya kampuni moja ya mikopo kwa vitendo vya aina hii.

Fungu la tatu ndilo lililonileta hasa mbele yenu, nalo ni utapeli. Nani kati yetu hajapata kupokea ujumbe usemao, "Ile hela tuma kwenye namba hii"? Mwandishi wake hakujui. Huutuma kwa watu wengi, akitaraji kumwangukia mmoja ambaye saa ile ile alikuwa akisubiri namba ya kumlipia mtu. Mwingine hujifanya mganga, mwingine huahidi utajiri wa Freemason, mwingine husema mtoto wako ameanguka shuleni na dawa inahitajika sasa hivi. Hatari huzidi msimu wa mavuno. Mkulima aliyeuza mahindi yake kwa Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, akalipwa jasho la mwaka mzima, anaweza kulipoteza kwa kubonyeza tarakimu nne za siri mbele ya mtu asiyemjua.

Ndugu wananchi, hapa sina budi kusema jambo zito kwa adabu. Katika taarifa zake za kila robo mwaka, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania imeutaja Mkoa wa Rukwa, pamoja na Morogoro, kuwa mstari wa mbele kwa majaribio ya utapeli wa simu. Wahenga walisema samaki mmoja akioza, wote wameoza. Mimi nasema kwa binadamu si hivyo. Mkoa huu unajulikana nchini kwa ghala zake za mahindi, maharage na ngano, na mama wa Kifipa anayelima tangu alfajiri hana hatia kwa kijana aliyekodi chumba mjini na laini ishirini. Lakini jina likishachafuka humfuata kila mtu: mfanyabiashara wa Sumbawanga akipiga simu Dar es Salaam, mwenzake husita kupokea. Nimeelezwa na wazee kwamba Sumbawanga, kwa Kifipa, maana yake ni "tupa uchawi". Mji ulioitwa kwa kutupa uovu una haki na uwezo wa kuutupa na huu.

Je, Serikali imefanya nini? Kwanza, ipo Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, inayotumika Bara na Zanzibar. Kifungu cha 20 kinakataza kutuma ujumbe usioombwa kwa nia ya kutenda kosa, na adhabu yake ni faini isiyopungua shilingi milioni tatu, au kifungo kisichopungua mwaka mmoja, au vyote pamoja. Pili, tangu tarehe 1 Mei 2019 laini zilianza kusajiliwa kwa alama za vidole, na waliochelewa walipewa muda hadi tarehe 20 Januari 2020. Tatu, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inampa mtu haki ya kuitaka kampuni iache kutumia taarifa zake kwa matangazo ya biashara. Tume yake ilizinduliwa rasmi mwezi Aprili 2024, na malalamiko hupelekwa huko.

Lakini sheria bila ya wananchi ni jembe bila ya mpini. Matapeli hawasajili laini kwa vidole vyao, bali kwa vidole vyetu. Wakala asiye mwaminifu humwambia bibi, "Kidole hakijasoma, weka tena," kumbe cha kwanza kimesajili laini yake na cha pili kimesajili ya mwizi. Kikulacho ki nguoni mwako. Kwa hiyo naomba tuyashike haya:

1. Bonyeza *106# uone namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako cha Taifa. Ukikuta usiyoijua, nenda ofisi ya kampuni ya simu ikafutwe.

2. Ukipokea ujumbe wa utapeli, usiufute wala usijibizane na mwandishi. Utume kwenda namba 15040 na ufuate maelekezo, ili laini hiyo ifungwe.

3. Neno la siri halisemwi kwa yeyote, awe anajiita mtumishi wa benki, wa kampuni ya simu au wa Serikali.

4. Simu ya nchi ya mbali iliyolia mara moja ikakatika, usiirudishe. Hutegwa ili wewe ulipie gharama.

5. Mzazi asifurahie fedha ya kijana wake bila ya kuuliza chimbuko lake. Mchovya asali hachovyi mara moja.

Kwa watumishi wenzangu nina neno la peke yake. Daftari la wagonjwa, orodha ya wazazi wa shule na fomu za pembejeo zina majina na namba za watu waliotuamini. Anayezipiga picha na kuzigawa, hata kwa rafiki, amewafungulia mlango wezi. Tuzifungie kabatini kama tunavyofungia fedha za Serikali, kwani anayetapeliwa kesho kwa orodha hiyo huenda akawa mama yake mtumishi mwenyewe.

Ndugu Mwenyekiti, mwisho nawaomba viongozi wa vijiji, kuanzia Matai hadi Muze, wayaseme haya katika mikutano yao, na hasa wawasomee wasiojua kusoma. Tahadhari kabla ya hatari.