Lafudhi kama Ushahidi: Aina za Kiingereza katika Riwaya ya Upelelezi na Filamu

Kiingereza huzungumzwa kwa namna nyingi, ndani na nje ya Uingereza, na kila namna imekwisha kubandikwa hukumu juu ya wazungumzaji wake hata kabla mmoja wao hajafungua kinywa. Mada hii inachunguza jinsi hukumu hiyo ilivyotumiwa na waandishi wa riwaya za upelelezi tangu Sherlock Holmes alipojitokeza mwaka 1887 hadi kuzuka kwa Vita vya Pili vya Dunia, na jinsi ilivyogeuka ilipofika mikononi mwa watengenezaji wa filamu. Hoja inayotetewa ni kwamba lafudhi, ingawa huchukuliwa kuwa ushahidi juu ya msemaji, aghalabu humfichua zaidi msikilizaji. Na kwamba waandishi hodari wa upelelezi waliling'amua jambo hilo wakalijengea visa vyao, ilhali filamu, kwa sehemu kubwa, ililipoteza.

Istilahi tatu zinahitaji kufafanuliwa. Lahaja ni namna ya lugha inayotofautiana na nyingine kwa msamiati, sarufi na matamshi, kama Kimvita kinavyotofautiana na Kiunguja. Lafudhi ina mawanda finyu zaidi, kwa kuwa inahusu matamshi peke yake, hivyo mtu anaweza kuzungumza Kiingereza sanifu kisicho na dosari ya sarufi huku lafudhi yake ikitangaza kuwa ametoka Glasgow, Lagos au Kingston. Taswira ganda ni picha ya kundi la watu iliyokwisha kuganda akilini mwa jamii, ambayo humfanya mtu mmoja aonekane nakala ya kundi zima kabla hajatenda lolote.

Nchini Uingereza hukumu juu ya lafudhi ilipata hata kamusi yake. Mwaka 1917 mwanafonetiki Daniel Jones alichapisha kamusi ya matamshi iliyoeleza usemaji wa familia zilizokuwa zikiwapeleka watoto wao wa kiume katika shule za bweni za gharama kubwa, na mwaka 1926 akayapa matamshi hayo jina ambalo kwa Kiswahili laweza kufasiriwa kuwa Matamshi Yaliyokubalika. Sifa yake kuu ni kwamba hayamwonyeshi msemaji ametoka wilaya gani, bali huonyesha ametoka tabaka gani. Mwaka huohuo wa 1926, Shirika la Utangazaji la BBC liliunda kamati ya kushauri juu ya usemaji redioni, iliyoongozwa na mshairi Robert Bridges, na miongoni mwa wajumbe wake walikuwamo Jones mwenyewe na mwandishi wa tamthilia George Bernard Shaw. Shaw alikuwa amekwisha kuandika Pygmalion, iliyoigizwa kwa mara ya kwanza Vienna mwaka 1913, ambamo profesa wa fonetiki humsikiliza mpita njia kwa dakika moja akamwambia mtaa aliozaliwa. Profesa huyo ni ndugu wa Holmes katika fani, kwani wote wawili huusoma mwili na sauti ya binadamu kama hati, tofauti ikiwa kwamba Shaw alitaka hadhira ione ukatili uliomo katika usomaji huo.

Lugha kama kidokezo

Katika hadithi ya "A Scandal in Bohemia", iliyochapishwa katika jarida la The Strand mwaka 1891, Arthur Conan Doyle anamwonyesha Holmes akipokea barua isiyo na jina la mwandishi. Holmes anaichunguza karatasi, kisha anaitazama sentensi moja ambamo kitenzi kimesukumwa hadi mwisho, na kutokana na mpangilio huo anaamua kuwa aliyeiandika ni Mjerumani. Hapa kosa la lugha limekuwa kidokezo safi: linaeleza asili ya mtu bila kueleza tabia yake, na Holmes hadai kwamba Mjerumani ni mwema au mwovu kwa sababu tu sintaksia ya lugha mama yake imepenya katika Kiingereza chake. Unyoofu huo unastahili kuzingatiwa, kwa kuwa haukudumu kila mahali katika utanzu huu, wala Conan Doyle mwenyewe hakuushika sikuzote.

Agatha Christie alikwenda mbali zaidi. Hercule Poirot, Mbelgiji aliyefika Uingereza kama mkimbizi wa Vita vya Kwanza vya Dunia, anajitokeza mara ya kwanza katika The Mysterious Affair at Styles ya mwaka 1920, akiwa na Kiingereza cha kuungaunga kilichochanganywa na maneno ya Kifaransa. Msomaji makini hugundua jambo la ajabu: Kifaransa cha Poirot hujitokeza hasa katika maneno mepesi, ya salamu na ya mshangao, yaani maneno ambayo mgeni wa lugha huyajifunza kwanza, ilhali hoja nzito za kesi huzieleza kwa Kiingereza kilichokamilika. Katika Three Act Tragedy, iliyotolewa Uingereza mwaka 1935, siri inafichuliwa pale Poirot anapokiri kwamba anakimudu Kiingereza sawasawa, lakini amekivunja kwa makusudi, kwa kuwa Mwingereza akimsikia mgeni anababaika humdharau, na akishamdharau huacha kujihadhari. Lafudhi ya Poirot, kwa hiyo, ni mtego unaonasa kwa sababu tu wanaomsikiliza wamebeba taswira ganda ya mgeni mpumbavu; msomaji aliyecheka matamshi yake kwa vitabu kadhaa naye hujikuta amenaswa pamoja nao.

Murder on the Orient Express ya mwaka 1934 inaupanua mtego huo hadi ukaenea behewa zima. Bwana Bouc, mkurugenzi wa kampuni ya treni, anashikilia kwamba muuaji lazima awe yule abiria Mtaliano kwa kuwa silaha ni kisu, na kwa maoni yake Wataliano ndio watu wa visu. Poirot hakubali wala hagombi, bali anaendelea kuhoji. Mwishowe inabainika kwamba Bibi Hubbard, mama wa Kimarekani mwenye kelele na hadithi zisizokwisha kuhusu binti yake, ni mwigizaji mashuhuri wa jukwaani aliyelivaa umbo hilo kwa sababu alijua kila msafiri wa Ulaya alikuwa amekwisha kulitarajia. Taswira ganda imekuwa vazi la kujifichia, na walioishona ni watazamaji wenyewe. Christie hakuwa na usafi katika mambo haya; vitabu vyake vya awali vina maelezo ya kuwadhalilisha Wayahudi, na riwaya yake ya mwaka 1939 ilitoka Uingereza ikiwa na jina lenye tusi dhidi ya watu weusi, ambalo wachapishaji wa Marekani walilibadilisha. Lakini panapohusika ufundi wa visa, alijua vyema kwamba chuki ya msomaji ndiyo pazia zuri kuliko yote la kumfichia muuaji.

Dorothy L. Sayers aliligusa suala la tabaka kwa namna isiyozungumzwa vya kutosha. Mpelelezi wake, Lord Peter Wimsey, aliyeanza na Whose Body? mwaka 1923, ni mtoto wa ukoo wa kitawala, na mara nyingi anaangusha sauti ya mwisho katika vitenzi vya Kiingereza vinavyoishia kwa king'ong'o, kama walivyofanya mabwana wa zamani waliozoea farasi na uwindaji. Kibarua wa shambani naye huiangusha sauti hiyohiyo. Kwa kibarua jambo hilo lilihesabiwa kuwa dalili ya kukosa shule, na kwa Wimsey likahesabiwa kuwa madaha ya mtu asiyehitaji kumthibitishia yeyote kwamba amesoma. Ikiwa tendo moja la ulimi hupata hukumu mbili zinazopingana, basi hukumu hizo haziwezi kuwa zinatoka katika ulimi.

Kutoka kanuni ya Knox hadi skrini

Mwaka 1929 Ronald Knox, padri Mkatoliki na mwandishi wa upelelezi, alitunga kanuni kumi za utanzu huu, na kanuni ya tano ilipiga marufuku kumwingiza Mchina katika hadithi. Kwa msomaji wa leo kanuni hiyo inasikika kama ubaguzi mtupu, na maneno yake kweli yanaumiza. Hata hivyo shabaha yake ilikuwa riwaya za bei rahisi ambazo, tangu Sax Rohmer alipochapisha riwaya ya kwanza ya Dr. Fu-Manchu mwaka 1913, zilimtumia Mchina mwovu kama jibu la haraka la kila fumbo. Kasoro ya dawa ya Knox ni kwamba ilimfukuza Mchina hadithini badala ya kumpa nafasi ya kuwa mtu.

Aliyejaribu kumpa nafasi hiyo ni Mmarekani Earl Derr Biggers, aliyemuunda mpelelezi Charlie Chan wa polisi ya Honolulu katika The House Without a Key ya mwaka 1925, akikusudia kuipinga picha ya Fu-Manchu. Nia ilikuwa njema, lakini Chan alipewa Kiingereza kilichokatwakatwa na kujazwa misemo ya hekima, na filamu hatimaye ilimkabidhi kwa Warner Oland, mzaliwa wa Sweden, aliyemwigiza katika filamu 16 kuanzia mwaka 1931, baada ya kuwa amekwisha kumwigiza Fu Manchu mwaka 1929. Mtu mmoja wa Ulaya, kwa vipodozi na sauti ya kubuni, alimwakilisha Mchina mwovu na Mchina mwema. Kuanzia mwaka 1935 mtoto wa Chan aliigizwa na Keye Luke, mzaliwa wa China aliyekulia Seattle, ambaye alizungumza Kiingereza cha kijana yeyote wa Marekani. Wawili hao walipokutana katika onyesho moja, anayesikika kuwa mgeni ni Mswidi, na anayesikika kuwa mwenyeji ni Mchina.

Filamu ina ugumu wake wa kifundi ambao haki inataka utajwe. Mwandishi wa kitabu aweza kusema mara moja kwamba fulani ana lafudhi ya Kijerumani kisha akaliacha, lakini filamu, tangu ilipopata sauti mwishoni mwa miaka ya 1920, humlazimu mwigizaji kulitamka kila neno kwa sauti fulani, na kwa kuwa muda ni mfupi lafudhi huwa njia ya mkato ya kumtambulisha mhusika. Njia hiyo ya mkato ndiyo iliyochunguzwa na mwanaisimu Rosina Lippi-Green katika kitabu chake cha mwaka 1997, alipowapitia wahusika 371 wa filamu 24 za katuni za Disney na kuona kwamba wahusika wenye lafudhi ya kigeni walipewa uovu kwa kiwango kikubwa kuliko wenye Kiingereza cha Marekani. The Lion King ya mwaka 1994 ni mfano unaowagusa Waswahili moja kwa moja. Simba na babake wanazungumza kwa sauti za Wamarekani, James Earl Jones akiwa baba, ilhali ndugu wa baba huyo, msaliti, amepewa sauti ya Mwingereza Jeremy Irons, kana kwamba ndugu wawili wa tumbo moja walilelewa katika mabara mawili. Shujaa ameitwa Simba, mshauri Rafiki, na fisi jike akaitwa Shenzi, tusi ambalo walowezi wa Afrika Mashariki walilizoea kuwaita Waafrika. Kiswahili kiliazimwa majina, lakini hakuna kiumbe katika mbuga ile aliyepewa lafudhi ya Nairobi au Arusha.

Hata hivyo, filamu haikosi mifano ya kinyume. Katika Murder on the Orient Express ya mwaka 1974, Poirot wa Albert Finney anamnasa Mary Debenham, anayeigizwa na Vanessa Redgrave, kwa sababu bibi huyo, aliyekana kuwahi kuishi Marekani, ameitaja simu ya masafa kwa msamiati wa Kimarekani badala ya ule wa Uingereza. Hapo lugha imerudi kuwa kidokezo cha safari ya mtu, kama ilivyokuwa kwa Holmes.

Mpelelezi kwa Kiswahili

Riwaya ya upelelezi ya Kiswahili ilichota katika kisima hichohicho. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar, katika Mzimu wa Watu wa Kale iliyochapishwa mwaka 1960, alimpa Bwana Msa kiko na rafiki wa kufuatana naye, Najum, kwa mfano wa Holmes na Watson, lakini akawaweka katika Unguja yenye usemaji wake wenyewe. Swali gumu zaidi linamhusu mfasiri atakayetaka kumleta Poirot. Akimpa Kiswahili sanifu, mtego wote wa Christie unapotea. Akimpa Kiswahili cha mwenye duka Mhindi au cha mlinzi Mmasai wa vichekesho vya redioni, anamvika hukumu iliyoshonwa kwa ajili ya watu wengine. Akivunja ngeli, akamfanya aseme "kitabu yangu", msikilizaji wa Pwani hatamsikia Mbelgiji, bali atamsikia mtu wa bara, ilhali usemaji huo Lubumbashi na Bukavu una utaratibu wake unaoeleweka na haumchekeshi yeyote. Njia inayoelekea kufaa ni kumwachia Kifaransa chake katika maneno mepesi, kama alivyokipanga Christie, na kumpa Kiswahili cha kitabuni mno, chenye adabu iliyopitiliza, ili msomaji wa Dar es Salaam amwone mgeni anayejikakamua na amdharau kidogo. Pa kuipima tafsiri ya namna hiyo ni ule ukurasa wa Three Act Tragedy ambapo Poirot anakiri: msomaji wa Kiswahili afikapo hapo na asione haya hata kidogo, mfasiri atakuwa na kazi ya kurudia sura zote zilizotangulia.